Mambo ya Nyumbani: Maua ya Uzi ya Kuwekea Vikombe

Mgeni akikaribishwa nyumbani, kwanza huletewa chai. Kikombe cha moto kikiwekwa juu ya meza iliyopakwa vanishi, unyevu wake hupenya ndani ya vanishi, na kikiisha kuondolewa huacha duara jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Pengine meza hiyo ilinunuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Mgeni hana lawama, maana yampasa kukiweka kikombe mahali fulani. Ni juu ya mwenye nyumba kukitafutia kitu cha kukaa chini yake. Kitambaa kidogo chenye umbo la ua, kilichofumwa kwa sindano ya kulabu, chatosha kuizuia hasara hiyo, tena huipamba meza.

Kazi za namna hii si ngeni katika Kenya. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, ushonaji ulikuwa miongoni mwa mafunzo ya vilabu vyake, pamoja na upishi na malezi ya watoto. Na baadhi ya viongozi wa vilabu hivyo walifundishwa katika Jeanes School, Kabete, ili nao wakawafundishe wenzao vijijini.

Jambo la kwanza ni kuchagua uzi. Uzi wa pamba ndio ufaao, kwa kuwa hunyonya maji na kustahimili joto. Uzi wa nailoni hung'aa sana, lakini haunyonyi maji kama pamba, na ukikutana na moto mkali huharibika. Asiyeujua uzi alio nao na akate kipande kifupi, akishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, akichome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu.

Kwa uzi wa unene wa kadiri, yafaa sindano ya kulabu ya milimita 4. Mfumaji hufanya mnyororo wa vitanzi 5 na kuufunga uwe pete. Kisha hufuma nguzo. Ili kuifanya nguzo moja, uzi huzungushwa mara moja juu ya kulabu, kulabu huingizwa na kuvuta kitanzi, kisha vitanzi hupunguzwa viwili viwili, mara mbili. Kila mzunguko wa nguzo huanza kwa mnyororo wa vitanzi 3, nao huhesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Na mwisho wa mzunguko huunganishwa na mwanzo wake.

Mzunguko wa kwanza una nguzo 12 ndani ya pete. Katika mzunguko wa pili, juu ya kila nguzo hufumwa nguzo 2, jumla 24. Katika mzunguko wa tatu, nguzo 2 hufumwa juu ya moja, na nguzo 1 juu ya ile inayofuata, na kuendelea hivyo mpaka zipatikane 36. Hapo duara limekamilika. Sasa ni zamu ya majani ya ua: mfumaji huruka nguzo 2, hufuma nguzo 7 katika ile ya tatu, huruka 2 tena, kisha hufunga kwa kitanzi katika inayofuata. Akifanya hivyo mara 6, atapata majani 6, na ua litakuwa na upana wa karibu inchi 4.

Hesabu ndiyo roho ya kazi hii. Nguzo zikipungua, ua hukunjika kama bakuli. Zikizidi, hufanya mawimbi, na kikombe kilichowekwa juu yake hupepesuka na kumwaga chai ile ile iliyoogopwa. Wengi hutambua kosa katika mzunguko wa pili, wakaona uchungu kufumua, wakitumaini kwamba pasi italinyosha. Pasi hailinyoshi. Afadhali kuhesabu kila mzunguko unapokwisha, na kufumua mara moja palipo na kosa.

Ua likiisha, huoshwa kwa maji ya vuguvugu, hutandazwa juu ya taulo, na kila jani huvutwa na kushikizwa kwa pini mpaka likauke. Wanga ukitiwa, uwe mwepesi, maana wanga mwingi ukilowa chai hunata.

Maua 6 ni seti moja, na wako wanawake wanaoziuza seti hizo ili kupata karo ya watoto au chumvi na sabuni ya nyumbani. Hao nao yawapasa kuhesabu. Mwenye kupanga bei kwa kutazama gharama ya uzi peke yake ameitoa kazi ya mikono yake bure, na siku uzi utakapopanda bei, hatakuwa na fedha za kununua mwingine. Na aandike saa alizotumia kwa kila seti, kisha azitie katika bei bila haya. Kosa la hesabu, liwe la nguzo au la shilingi, hurekebishwa kwa urahisi lingali dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.