Kipigo Kisichovunja Mfupa Nacho Huua

Kuna utetezi ambao kila mwenye rungu anaujua kwa moyo. Mtu akifa siku ya tatu baada ya kutoka mikononi mwake, husema: "Alitoka hapa akitembea kwa miguu yake. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Figo zake ndizo zilizokuwa mbovu." Asemaye hivyo hudhani amejiosha. Sisi twasema amejishtaki kwa kinywa chake mwenyewe, na katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini.

Nyama ya mapaja, ya mgongo na ya makalio ndiyo misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Ikipondwa kwa rungu au kiboko kwa muda mrefu, hufa ingali chini ya ngozi nzima. Nyama hiyo iliyokufa huvuja na kumwaga ndani ya damu vitu ambavyo havikupaswa kuwamo. Kimojawapo ni mioglobini, ile rangi nyekundu ya msuli, ambayo damu huipeleka kwenye figo. Huko huziba vijifereji vidogo vinavyochuja mkojo na kuviunguza. Kingine ni potasiamu, ambayo ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kabla figo hazijamaliza kuharibika. Madaktari huita kuvunjika huko kwa misuli rabdomiolisisi. Dalili yake haihitaji kusoma sana: maumivu na uvimbe wa misuli, udhaifu, na mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Wapo wasioonyesha hata hiyo rangi, na kwa hiyo kipimo cha damu ni cha lazima.

Si rungu peke yake. Kumrusha mtu kichura juani hadi aanguke, kumfunga kamba siku nzima, kumchuchumaza saa nyingi bila maji, vyote vyaweza kufikisha misuli hapo hapo. Na kiu huongeza maradhi, kwa kuwa figo zilizokaukiwa na maji huzibika upesi zaidi.

Tunaandika haya tukiifikiria Oldonyiro, wadi ya magharibi ya Isiolo, nchi ya wafugaji wa Kisamburu na Kiturkana, ambako ng'ombe ndiye ada ya shule, mahari na chakula. Huko wizi wa mifugo ni msiba wa kweli, na operesheni ya kuwasaka wezi inapoanza, kijana yeyote aliyekutwa porini na fimbo huweza kuitwa mshukiwa. Tuchukue mfano wa kijana kama huyo. Anapigwa usiku kucha ataje ng'ombe waliko. Asubuhi inaonekana si yeye, anaachiliwa. Anarudi manyattani akichechemea. Mama yake anamkanda kwa maji ya moto, nduguye anamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Kesho yake hakojoi. Keshokutwa gari linatafutwa la kumfikisha Isiolo mjini kwa njia ya Kipsing, ambayo mvua ikinyesha hufungwa na makorongo. Hapo kila saa inayopita barabarani ni saa ya figo.

Je, kijana huyu ameuawa na nani? Na ugonjwa?

Dunia ililijibu swali hili zamani. Mwaka 1941, mabomu yalipokuwa yakiangushwa London, daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa hai chini ya vifusi vya nyumba, viungo vyao vikiwa vimebanwa kwa saa nyingi. Walionekana wamepona, kisha wakafa kwa figo siku chache baadaye. Hakuna aliyesema kwamba watu wale walikuwa na figo mbovu tangu zamani. Ilisemwa kwamba waliuawa na ukuta uliowaangukia. Miaka ya 1990 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, waliandika juu ya watu waliochapwa kwa kiboko kiitwacho sjambok wakapata madhara hayo hayo, na madaktari wa Kashmir wakaandika juu ya watu walioteswa kizuizini. Ukuta, kiboko au rungu, msuli hautofautishi. Kwa nini basi sheria itofautishe?

Sisi wa Kenya tuna sababu ya pekee ya kutokubali neno "ugonjwa". Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, wafungwa 11 wa kisiasa walipigwa hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kitu kile kile ambacho mtu aliyepondwa misuli hukihitaji kuliko vyote ndicho kilichobebeshwa lawama ya mauti. Uchunguzi ulipofanywa ulionyesha kwamba waliuawa na kipigo.

Mkoloni akaondoka, mazoea yakabaki. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wakapigwa, wengine wakapigwa risasi. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliamini kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Ni wangapi kati yao waliouawa na kiu iliyokutana na misuli iliyopondwa? Hatuwezi kuwahesabu, maana hakuna aliyewapima.

Na Isiolo yenyewe iliwahi kutengwa na haki kwa maandishi. Sheria ya kinga ya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali na askari wasishtakiwe kwa yaliyotendwa kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mzazi aliyenyimwa mahakama kwa sheria hiyo alimfundisha mwanawe kwamba kulalamika ni kazi bure. Hiyo ndiyo sababu mtu wa Oldonyiro aliyepigwa huenda nyumbani kulala badala ya kwenda kituo cha afya.

Leo Katiba ya 2010 inasema kinyume. Ibara ya 29 inakataza mateso, na Ibara ya 25 inasema kwamba uhuru huo hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo uishe siku au saa ambazo mahakama haikai. Sheria ya Kuzuia Mateso ilipitishwa mwaka 2017. Maneno yote mazuri. Lakini haki ya aliyepigwa bado hupitia kwenye karatasi moja, fomu ya P3, na humo majeraha hupimwa kwa madaraja: madhara, madhara makubwa, au ulemavu. Mganga akiona ngozi haikupasuka na mfupa haukuvunjika, ni rahisi kuandika "madhara" na kumrudisha mtu nyumbani. Figo hazionekani kwa macho. Asiyeulizwa rangi ya mkojo wake ameandikiwa P3 ya nusu ya mwili.

Watatuambia kwamba wezi wa mifugo wana bunduki na kwamba sisi tunawatetea wahalifu. Hatumtetei mwizi. Tunasema mwizi apelekwe kwa hakimu akiwa na figo mbili. Ushahidi uliotolewa kwa kiboko haujawahi kumrudisha ng'ombe wa kweli zizini. Humrudisha yule ambaye aliyepigwa alimtaja ili aachwe apumue.

Wala tusijifanye watakatifu. Rungu haliko mikononi mwa askari peke yake. Wananchi wenye hasira sokoni, wazee wanaoamuru kijana atiwe adabu, baba anayemfunga mwanawe mtini, nao huponda misuli ile ile. Tukidai polisi waache, nasi tuache. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Basi tunadai, na tunawaomba wanaharakati na waumini wadai pamoja nasi, mambo haya.

Kwanza, kila aliyepigwa sana, hata kama anatembea, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na mkojo wake utazamwe. Kipande cha karatasi ya kupimia mkojo hakihitaji hospitali kubwa: kikionyesha damu ilhali darubini haioni chembe za damu, ni ishara kwamba msuli unavuja.

Pili, aanzishiwe dripu mapema kwa uangalizi wa mganga, kabla ya safari ya Isiolo na wakati wa safari. Vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki visitumiwe, kwa kuwa navyo huziumiza figo. Wengi wanaotibiwa mapema hupona, na hata ambao figo zao zimesimama, mashine ya kusafisha damu huweza kuwavusha hadi figo ziamke tena.

Tatu, P3 ya mtu aliyepigwa iandikwe pamoja na matokeo ya mkojo na damu.

Nne, akifa, maiti isizikwe kabla ya kupasuliwa na daktari asiye chini ya waliompiga, na misuli na figo zichunguzwe. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Sheria ikikaa kabatini haimchunguzi maiti.

Tano, kila kanisa na kila msikiti wa eneo hilo uwe na daftari: nani alikamatwa, saa ngapi, alitoka lini, alikojoa lini. Mtu asione haya kuuliza hilo la mwisho. Katika swali hilo kuna uhai wa mtoto wa mtu.

Siku tutakapolisikia tena neno "figo zake zilikuwa mbovu", tusiinamishe vichwa na kuanza kuchanga pesa za jeneza. Tuulize kwa sauti moja: ziliharibiwa na nani?