Goma: Kompyuta ikijibonyeza yenyewe, isifutwe kabla ya kupimwa

Mshale unatembea juu ya kioo bila mkono wa mtu. Ukurasa unafunguka, unafungika. Barua inafutika nusu mbele ya macho ya mwenye kuiandika. Katika mji wa Goma, kompyuta ya kioo cha kugusa ikianza vituko hivi, wengine wanasema ni virusi, wengine wanasema kuna mtu ameingia ndani kutoka mbali, na hawakosekani wanaotaja mashetani. Mashine inabebwa kwa fundi, naye anatoa neno moja: "Tutafomati."

Neno hilo ndilo la kuogopwa kuliko mshale wenyewe.

Kufomati ni kufuta kila kitu kilicho ndani ya mashine na kuanza upya. Kwa mtu mwenye karatasi zake zote kabatini, ni hasara ndogo. Lakini kwa familia zilizokimbia vita, mambo ni mengine. Wengi walitoka nyumbani na watoto mgongoni, karatasi zikabaki au zikaungua. Nakala pekee ya diploma ya serikali, ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ya hati ya shamba, au ya kadi ya mchaguzi ambayo hapa Congo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho, inaweza kuwa imelala ndani ya kompyuta ya ndugu, ya mwalimu, au ya sekretaria ya mtaa pale ilipopigwa fotokopi. Kuifuta mashine hiyo ili kuponya kioo ni kumkimbiza mtu mara ya pili.

Lenye kuuma zaidi ni kwamba mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya programu hata kidogo. Kioo cha kugusa kinafanya kazi kwa kuhisi jinsi kidole cha mtu kinavyobadilisha umeme mdogo ulio juu ya kioo chenyewe. Kidole kikikaribia, kioo kinajua ni mahali gani. Basi kitu chochote kinachovuruga umeme huo kinaweza kukidanganya: maji, jasho, mafuta ya mkono, ufa mdogo pembeni, au karatasi ya plastiki iliyobandikwa vibaya. Goma ni mji wa vumbi la mawe ya volkano, na msimu wa mvua unyevu unaingia hata ndani ya hema. Mashine iliyofungwa ndani ya kitenge na kubebwa kwa pikipiki inaweza kupindika kifuniko, kioo kikabanwa, na tangu siku hiyo kikahisi vidole ambavyo haviko.

Umeme wenyewe pia una makosa yake. Chaja ya bei rahisi, au mashine iliyochomekwa kwenye jenereta au soketi isiyo na waya wa kuteremka ardhini, inaweza kuleta msukosuko hadi kwenye kioo. Dalili yake ni rahisi: chaja ikichomolewa, vituko vinakoma. Hapo dawa ni kubadilisha chaja au soketi.

Kwa hiyo inafaa kupima kabla ya kulipa, na vipimo hivi havina gharama. Kwanza, mashine izimwe, ichomolewe, kioo kipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kiachwe kikauke. Pili, itumiwe bila chaja. Tatu, kipanya kiondolewe, hata kile kisicho na waya ambacho pengine kimesahaulika ndani ya mfuko kikiendelea kubonyezwa na vitabu. Nne, kioo cha kugusa kizimwe chenyewe. Kwenye mashine ya Windows iliyo katika Kifaransa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Gestionnaire de périphériques, tafuta mstari unaotaja écran tactile, kisha Désactiver. Mshale ukikataa kutii, kazi hiyo yote inawezekana kwa vitufe.

Kioo kikizimwa na utulivu ukarudi, mgonjwa amejulikana: ni sehemu ya kugusa. Mashine bado ni nzima. Itaandika, itaonyesha picha, itatumia kipanya kama kompyuta nyingine yoyote. Anayetaka kununua kioo kipya atanunua siku atakapopata dola, bila haraka.

Vituko vikiendelea, itazamwe ile sehemu ya chini ya herufi ambapo kidole kinaongozea mshale. Ikiwa imeinuka, au mgongo wa mashine umevimba, huenda ni betri. Hapo hakuna mchezo: mashine izimwe, isichajiwe tena, betri isitobolewe wala kukandamizwa, maana inaweza kuwaka moto. Ndani ya hema la turubai lenye watoto waliolala, hiyo ni hatari kuliko kupoteza mafaili.

Ni kweli kwamba virusi vipo, na kuna programu mbaya zinazomruhusu mtu wa mbali kuongoza mshale. Lakini mwizi ana kusudi: anafungua mafaili, anaandika maneno, anatafuta kitu. Kioo kibovu hakina kusudi. Kinabonyeza ovyo, mara nyingi mahali pale pale. Mtu akiona kusudi, akate intaneti mara moja. Akiona ovyo tu, asikimbilie kufuta.

Mafundi nao wana neno lao. Wateja wanataka mashine ile ile jioni, wanataka kulipa franka kidogo, na kupima kunachukua saa nzima ambayo hakuna anayeilipa. Malalamiko hayo yana haki. Lakini haraka haiwezi kuwa sababu ya kufuta karatasi za mtu ambaye hana zingine. Fundi mwema anaweza kutoza pesa ya kupima, aiseme mapema, na apime mbele ya mwenye mashine. Hata ikibidi kufomati, anaweza kwanza kukopia mafaili kwenye flashi, au kutoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine, ikiwa mashine yenyewe inaruhusu. Mwenye sekretaria anayetunza nakala za majirani naye ana wajibu: asiziweke mahali pamoja tu. Flashi moja iliyofungwa vizuri na kukabidhiwa kwa mwenye karatasi ina thamani kuliko ahadi kumi.

Wakimbizi wa vita wamezoea kuambiwa kwamba kilichopotea kimepotea. Hapa sivyo. Papa au mama anayepeleka mashine kwa fundi ana haki ya kusema, kwa heshima na bila woga: "Papa fundi, kopia kwanza mafaili yangu, unionyeshe, ndipo ufanye kazi yako." Fundi akikataa, mashine irudi nyumbani. Kioo kinachojibonyeza kinaweza kungoja wiki moja. Diploma iliyofutwa inaweza isirudi kamwe.