Watoto Waimbao Wamekosa Nini?

Yako maneno yasemwayo siku hizi na baadhi ya walimu na wazee wa kanisa huko Dar es Salaam, nasi hatuwezi kuyanyamazia, kwa kuwa yaanzayo mjini hayakawii kufika vijijini. Wasema kwamba nyimbo za michezo, zile waimbazo watoto wakishikana mikono na kuzunguka, ni upuuzi wa kupoteza wakati. Wengine huzidi, husema ni mabaki ya upagani, wala haifai zisikike katika uwanja wa kanisa au wa shule. Twajua uwanja mmoja karibu na Kivukoni, hatutautaja, ambamo watoto walizoea kucheza baada ya ibada wakiwangoja wazazi wao. Sasa motokaa huegeshwa pale kwa malipo, na mlinzi amepewa amri ya kuwafukuza waimbao.

Na wakifukuzwa, waende wapi? Aijuaye Kariakoo ya zamani azikumbuka nyumba zile za vyumba sita, zenye baraza mbele na ua nyuma. Uani akina mama walipika na kufua, na watoto walicheza mbele ya macho yao. Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za namna ile zimevunjwa, na maghorofa yamesimama mahali pake, chini maduka, juu vyumba. Ua umekwisha. Njiani nako pikipiki na mikokoteni havimwachii mtoto nafasi ya kugeuka. Basi kama uwanja wa kanisa na wa shule nao umefungwa, amebakiwa na ngazi za ghorofa.

Wasemao ni upuuzi na watazame kwanza. Katika mchezo wa ukuti watoto hushikana mikono, huzunguka, na upepo utajwapo wote hutetemeka kama kuti la mnazi. Aliye mdogo kuliko wote, hata asiyejua maneno, huchukuliwa na mikono ya wenzake. Katika mchezo wa nyama, mmoja hutaja majina ya wanyama, na wenzake huruka wakiitikia. Akitaja mnyama asiyeliwa, na mtu akaitikia kwa haraka, huyo ametoka. Hapo sharti mtoto asikilize neno lote kabla ya kujibu, jambo ambalo, twasema kwa heshima, si wajumbe wote wa mabaraza yetu waliojifunza. Mwalimu mwenye watoto sabini wa darasa la kwanza na atafute njia nyingine ya kuwafundisha kungoja zamu. Hataipata iliyo nyepesi kuliko hii.

Ama neno la upagani, wenye kulisema wafungue Injili ya Mathayo sura ya 11, au Luka sura ya 7. Bwana wetu alipotaka kuwaonya watu wa kizazi chake, alitwaa mfano wa watoto waketio sokoni, waitanao katika mchezo. Naye nabii Zekaria, sura ya 8, alipoionyesha Yerusalemu iliyorudishiwa amani, aliziona njia zake zimejaa wavulana na wasichana wachezao. Sisi twataka mji usio na hata mmoja!

Tena mkumbukeni Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944. Hakulitupa jando la watu wa nchi ile. Alilipima, akaondoa yasiyofaa, akalitia sala. Ikiwa jando, jambo zito namna ile, liliweza kupimwa, wimbo wa ukuti una dhambi gani? Hatusemi nyimbo zote ni safi. Zipo za kumcheka kilema, na zipo zenye maneno ya aibu yaliyookotwa katika ngoma za watu wazima. Mwalimu na abadili maneno, mchezo auache.

Tazameni pia kiwekwacho badala yake. Ikifika sikukuu ya watoto, huletwa vipaza sauti vya kukodi. Watoto sita wenye mavazi mazuri hucheza mbele ya wageni, na mia waliosalia huketishwa wapige makofi. Siku nyingine mtoto hupewa simu ya mama yake ili anyamaze. Simu huimba, mtoto hutazama. Haimshiki mkono, wala akikosea hakuna amchekaye.

Ninyi wa vijijini bado mnao uwanja, na mbalamwezi mnayo. Siku atakaposimama mtu katika baraza la wazee na shauri la kuukodisha uwanja wa kanisa, mwulizeni kwanza watoto watacheza wapi, naye asijibiwe ndiyo mpaka aonyeshe mahali. Na ninyi walimu wa shule za Jumapili mlioko mjini, twawaomba nusu saa tu baada ya ibada: motokaa ziondolewe upande mmoja, na akina bibi waitwe wawafundishe watoto nyimbo walizozicheza wao.