Betri Inayokwisha Gari Likiwa Limelala

Mkulima mmoja wa viazi upande wa Molo alikuwa na pikapu iliyomtumikia vema siku za kazi, walakini kila Jumatatu alfajiri, alipotaka kuteremsha magunia yake sokoni Nakuru, ilikataa kuwaka. Vijana wakaisukuma hadi mtelemkoni, na pengine alifika wachuuzi wakiwa wamekwisha kununua kwa wengine. Akanunua betri mpya. Baada ya majuma mawili mambo yakawa yale yale. Ndipo alipomshuku mlinzi wake wa usiku kwamba huingia garini na kusikiliza redio mpaka kuche. Naye mlinzi, ijapokuwa aliapa, akaambiwa atafute kazi kwingine mwisho wa mwezi.

Ni kweli baridi huipunguzia betri nguvu, na usiku wa Molo, penye kimo cha futi zipatazo 8,000, si wa mchezo. Lakini baridi peke yake haimalizi betri nzima kwa siku mbili. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu tu. Injini ikinguruma yapasa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Pikapu hii ilionyesha 14.1, yaani ilikuwa ikilishwa vema. Basi kulikuwa na mwizi.

Fundi wa Nakuru aliyepelekewa gari hakutaka kuuza betri ya tatu. Aliondoa ufunguo, akafunga milango, akafungua waya wa upande wa hasi, na kati ya waya ule na betri akaweka mita iwezayo kupima ampea 10. Hadhari yake ni hii: mita ikiwa imewekwa hivyo, mtu asijaribu kuwasha injini, maana ataiunguza. Kadhalika magari ya siku hizi yana mitambo inayochelewa kulala, kwa hiyo aliacha nusu saa ipite. Gari lililolala halipaswi kunywa zaidi ya ampea 0.05 hivi. Mita ikasoma 0.8.

Tangu saa nane mchana wa Jumamosi hadi saa kumi alfajiri ya Jumatatu ni saa 38. Zidisha kwa 0.8, zimekwenda ampea-saa 30, nusu ya betri ya 60. Usiku mmoja wa kazi hupoteza 10 tu, nazo hurudishwa na safari ya kesho yake. Ndiyo sababu siku nyingine gari liliwaka.

Fundi akatoa fyuzi moja baada ya moja huku akitazama mita. Aghalabu mwizi hukamatwa hapa: taa ndogo isiyozimika, king'ora, chombo cha kufuatilia gari, au redio iliyoungwa ovyo na fundi wa kando ya njia. Fyuzi zote zikatoka, mita isishuke. Watu wengi hukata tamaa hapo wakanunua betri, nao hukosea, kwa kuwa waya mnene wa altaneta haupiti katika fyuzi hizo ndogo. Fundi akaitenga betri, akaufungua waya ule, akaifunika ncha yake kwa mpira, akapima tena: 0.02.

Ndani ya altaneta mna daiodi, vipande vidogo vinavyouacha umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Kimoja kilikuwa kimeharibika. Chombo kilichoilisha betri mchana ndicho kilichoinyonya usiku.

Betri ya pili ilichajiwa polepole usiku kucha, ikapona. Ya kwanza haikuwa na dawa, kwani betri ya risasi ikiachwa tupu mara nyingi, bamba zake hushika utando mgumu usioondoka.

Mkulima aliporudi Molo alimwita mlinzi, akamweleza habari yote bila kuficha, akamwomba radhi. Mzee yule alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Alikubali kubaki, ila alisema kwamba funguo za gari zilale nyumbani kwa mwenyewe.