Matema baada ya lami: ufukwe ni mtaji, nani ataulinda?

Na Mwandishi Wetu

Kijiji cha Matema, wilayani Kyela katika Mkoa wa Mbeya, kipo kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka hadi kwenye maji. Kwa miaka mingi uzuri wake ulijulikana zaidi kwa wenyeji na wasafiri wachache waliokubali kuvumilia vumbi la kiangazi na tope la masika. Hali hiyo imebadilika. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, yenye urefu wa takriban kilomita 39, imejengwa kwa kiwango cha lami. Mwananchi anayeondoka jijini Mbeya asubuhi, akapita Tukuyu na kushuka kuelekea mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, anaweza kula chakula cha mchana ufukweni.

Kwa sababu hiyo, swali kuhusu Matema nalo limebadilika. Zamani tuliuliza namna ya kumfikisha mgeni. Sasa tunapaswa kuuliza mgeni huyo atakuta nini baada ya miaka 10, na mwanakijiji atakuwa amebaki na nini.

Ni vyema kwanza kufahamu mgeni anafuata nini. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika, na kina chake kinafikia takriban mita 700. Hakuna ziwa jingine duniani linalojulikana kuwa na aina nyingi za samaki kulizidi. Wengi wao ni samaki wadogo wa rangi za kuvutia wanaoishi kwenye miamba, na mtu mwenye miwani ya kuzamia huweza kuwaona bila kwenda mbali na nchi kavu. Upande wa magharibi wa kijiji kuna mchanga mrefu unaofaa kwa matembezi. Upande wa mashariki milima inaanza, ikiwa na njia za miguu zinazoelekea kwenye maporomoko ya maji na kwenye miinuko inayozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Kivutio kingine ni kazi ya mikono. Katika Kijiji cha Ikombe, kinachofikika kwa mtumbwi au kwa miguu kutoka Matema, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa udongo wa mfinyanzi, bila gurudumu, na kuvichoma katika moto wa wazi. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, jirani na Matema, ambako hufanyika gulio kila Jumamosi. Wafanyabiashara huvinunua hapo na kuvipeleka Kyela, Mbeya na kwingineko. Gulio hilo halikuanzishwa kwa ajili ya watalii, na huo ndio uzito wake: mgeni anakuta uchumi halisi wa watu ukiendelea.

Kwa takwimu za kitaifa, Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Wengi wa wageni wa aina hiyo huelekea Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Nyanda za Juu Kusini zina vivutio vya kutosha kuunganishwa katika safari moja: Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yenye maua ya asili, Ziwa Ngozi lililo katika kasoko ya volkano, Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, kisha Matema kama mahali pa kupumzikia. Uwanja wa Ndege wa Songwe na reli ya TAZARA vinaifikisha safari hiyo Mbeya. Kwa upande wa maji ipo meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo kwa ajili ya bandari za Ziwa Nyasa.

Hata hivyo, idadi ya wageni si kipimo pekee cha manufaa. Mgeni anayefika na chakula chake, akaogelea saa mbili na kurejea Mbeya jioni, huacha kijijini kidogo sana isipokuwa taka. Anayelala usiku wa pili humlipa mwenye mtumbwi anayempeleka Ikombe, kijana anayemwongoza mlimani, mama anayemkaangia mbasa na mfinyanzi anayemuuzia chungu. Kinachomfanya abaki usiku huo wa pili ni shughuli za kufanya na ufukwe ulio wazi, safi na salama.

Hapo ndipo suala la ujenzi linapoingia. Lami hupandisha thamani ya ardhi, na kiwanja kinachotafutwa kwanza ni kile kilicho karibu kabisa na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, pamoja na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Wapo wanaoiona kanuni hiyo kama kikwazo kwa mwekezaji. Historia ya ziwa lenyewe inaonyesha vinginevyo. Kati ya mwaka 1915, maji yalipokuwa chini sana, na mwaka 1980, yalipofikia kilele, kiwango cha Ziwa Nyasa kilipanda kwa zaidi ya mita tano. Kwenye mchanga ulio karibu tambarare, maji yakipanda mita moja tu husogea hatua nyingi kuelekea nchi kavu. Anayejenga ukuta ufukweni katika mwaka wa maji machache anajenga mahali ambapo ziwa limewahi kufika na linaweza kurudi. Ukuta huohuo pia humzuia mvuvi kuvuta nyavu zake, humnyima mwanakijiji njia ya kuteka maji na kumfanya mgeni wa hoteli ya jirani aone uzio badala ya ziwa.

Uwezo wa kulizuia hilo haupo Dodoma peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwananchi asiyehudhuria, kisha akalalamika baada ya uzio kusimama, anakuwa ameacha haki yake itumiwe na wengine.

Eneo la pili linalohitaji umakini ni usalama. Upepo hubadilika haraka chini ya milima, na mtumbwi uliopakia kupita kiasi hauna nafasi ya kosa. Abiria wa kuelekea Ikombe anapaswa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuvaa jaketi okozi na kukataa chombo kilichojaa. Kusimamia usalama wa vyombo majini ni jukumu la TASAC. Mamba wanapatikana kwenye milango ya mito, ukiwemo Mto Lufilyo, hivyo ushauri wa wenyeji kuhusu mahali pa kuogelea uheshimiwe. Ugonjwa wa kichocho nao upo katika ukanda wa Ziwa Nyasa, hususan kwenye maji yaliyotuama yenye majani. Unatibika kwa dawa ya prazikwanteli, na aliyeingia katika maji ya aina hiyo ni vyema aende kituo cha afya apimwe. Kuficha taarifa hizi kwa hofu ya kumfukuza mgeni ni kosa. Ajali au ugonjwa mmoja huharibu sifa ambayo imejengwa kwa miaka.

Kutokana na hali hiyo, mambo matatu yanahitaji kwenda pamoja. Kwanza, mpaka wa mita 60 uwekewe alama zinazoonekana, ili mnunuzi wa kiwanja asije kudai kwamba hakujua. Pili, vijana wanaoongoza wageni wajiunge katika vikundi, wapate mafunzo na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na bei za mitumbwi na matembezi zibandikwe hadharani. Tatu, njia ya wafinyanzi kati ya Ikombe na Lyulilo ilindwe, pamoja na sehemu wanakochimba udongo na wanakoshushia vyungu, kwani gulio likikosa mahali pa kufikia halitakuwepo la kumwonyesha mgeni.

Serikali imefikisha barabara hadi ukingoni mwa ziwa. Hatua kutoka mwisho wa lami hadi kwenye maji ni chache, lakini ndizo zenye thamani kubwa kuliko safari nzima, na uamuzi juu yake utafanyika katika mikutano ya vijiji vya Matema, Lyulilo na Ikombe. Mkutano mkuu ujao ukiitishwa, swali la kwanza la kuuliza ni moja: alama za mita 60 zimewekwa wapi?