Mafuta ya kahawia yapo, lakini kopo la shangazi lisubiri

Jumapili shangazi alinitumia picha ya kopo la vidonge. Limeandikwa kwamba vinaamsha "mafuta ya kahawia" na kuyeyusha kitambi. "Mwanangu, wewe ndiye mwandishi wa afya. Ninunue?"

Nilimjibu kwamba mafuta hayo yapo kweli. Mengi tuliyonayo mwilini ni meupe, ghala la chakula cha ziada, na ndiyo yanayojaa tumboni. Ya kahawia ni machache, na kazi yake ni kuchoma sukari na mafuta ili mwili upate joto. Mtoto mchanga anayo mgongoni na shingoni, maana hawezi kutetemeka kama sisi tunaposhikwa na baridi.

Madaktari waliamini kwa miaka mingi kuwa mtu mzima hana mafuta hayo ya kutosha kuleta tofauti. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi waliwapima wanaume 24 wakiwa kwenye baridi ya nyuzi joto 16, na kwa 23 kati yao mafuta hayo yalionekana yakifanya kazi, hasa shingoni na juu ya mtulinga. Ila kwa wanene yalifanya kazi kidogo kuliko kwa wembamba. Yaani anayeyahitaji zaidi ndiye aliyepungukiwa.

Dawa je? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa vijana 12 wenye afya mirabegron, dawa ya watu wanaobanwa na mkojo mara kwa mara. Mafuta ya kahawia yakawaka. Lakini dozi ilikuwa kubwa mara nne ya ile ya kawaida, na mapigo ya moyo yakapanda. Shangazi ana presha, na hapo ndipo nilipoacha kuandika nikampigia simu.

Nilimsimulia pia habari ya dainitrofeno. Hiyo haichagui mafuta ya kahawia, inafanya seli za mwili mzima zichome chakula na kutoa joto tu. Miaka ya 1930 Wamarekani waliimeza ili wapungue, na kweli walipungua. Baadhi yao walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa joto la mwili lililopanda likakataa kushuka. Mwaka 1938 ikaondolewa kwenye matumizi ya binadamu huko, lakini mpaka leo kuna wanaoiuza mtandaoni, na bado inaua.

"Hivi vyangu ni mitishamba," akasema.

"Mitishamba gani, shangazi? Imeandikwa kwenye kopo?"

Akanyamaza, nikasikia anaupapasa mkoba akitafuta miwani. Kumbe kopo alikuwa ameshalinunua! Hakukuta jina la mmea hata mmoja, wala kipimo. Nilimwomba asimeze hata kimoja, alibebe hivyo hivyo akienda kliniki ya presha Alhamisi. Amekubali, ingawa bado ananiuliza nani atamrudishia hela yake.