Tuhifadhi Mkono wa Kuandika, si Karatasi Peke Yake

Katika masomo ya historia wanachuo wetu huambiwa kwamba njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga. Hayo ni kweli, lakini njia hiyo ilipitisha pia karatasi, wino na watu waliojua kuandika. Deni la Unyanyembe lilidaiwa Unguja kwa waraka. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyo mzima wa nyaraka za namna hiyo.

Kando ya nyaraka hizo vilikuwapo vitabu vya dini vilivyonakiliwa kwa mkono. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulipata sifa kwa misahafu yake. Huku bara ufundi ulipitia chuoni: ubao, kalamu ya tete, wino wa masizi na gundi. (Neno chuo lenyewe zamani lilikuwa na maana ya kitabu pia; sisi wakufunzi twapenda kulisahau.)

Hati zenyewe hazikukosa wahifadhi. J. W. T. Allen alichapisha mwaka 1970 orodha ya zile zilizowekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nisemalo ni kwamba hati isiyo na msomaji ni karatasi tu. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Herufi ya P haimo, na waandishi wengi wa zamani hawakuandika N inayotangulia D. Basi neno lililoandikwa kwa ba na dali laweza kuwa «banda» au «panda». Aliyewahi kuandika kwa mkono wake huchagua upesi, asiyewahi hubahatisha. Mrithi aliyeachiwa sanduku la karatasi za babu yake hatajua kama ameshika dua, hesabu ya deni, au hati ya shamba la miembe.

Kwa hiyo napendekeza vyuo vya ualimu, hasa vilivyo kwenye njia hii ya kale, vitenge vipindi vichache vya kunakili. Mwanachuo achonge tete, akoroge wino, aandike ubaoni, akaguliwe, ndipo aoshe. Kosa husahihishwa papo hapo, mbele ya mwalimu, na hilo madaftari yetu hayatupi. Sisifu kila jambo la chuoni: kukariri bila kuelewa, na bakora, tuviache huko huko.

Wako watakaosema kwamba hii ni kuingiza dini darasani. Shaka hiyo yastahili heshima. Ndiyo maana nisingeanza na msahafu, ambao una adabu zake za kushikwa na kuandikwa, na ambao si haki kuufanya zoezi la mkono wa mwanafunzi asiyeuamini. Tuanze na barua za biashara. Atakayetaka kuendelea na vitabu vya dini aende kwa mwalimu wa chuoni, kwa hiari yake.

Na mzee huyo akialikwa kutufundisha, alipwe posho kama mkufunzi mgeni yeyote, wala asiitwe siku ya maonyesho tu ili apigwe picha.